Maumivu ya magoti, ya hedhi na ya jino: namna ya kutumia tangawizi, pilipili na karafuu kwa kipimo

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mji wa kupanda na kushuka. Mama anayebeba gunia la makala (makaa ya kupikia) mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso, kutoka ziwani mpaka Kadutu, magoti yake huzeeka kabla yake. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya watu wanaokaa kwenye benchi letu hawana kidonda wala homa. Wanaumwa tu: mgongo, magoti, bega, tumbo la hedhi, jino. Karibu kila mmoja amekwisha kunywa kitu kabla ya kufika kwangu. Huyu amenunua diclo (diklofenaki, dawa ya maumivu) rejareja sokoni, vidonge vitatu ndani ya kipande cha karatasi. Yule amechemsha tangawizi. Wengi wamefanya yote mawili siku hiyohiyo, na nikiwauliza wametumia dawa gani, wananitajia diclo peke yake.

Tangawizi hawaitaji kwa sababu wanaihesabu chakula. Lakini ukiinywa ili maumivu yaondoke, umeshaifanya dawa, na dawa ina kipimo, ina saa zake, ina watu isiowafaa. Nataka nieleze namna ninavyowafundisha wagonjwa wangu kuitumia, yenyewe na mimea mingine michache ambayo naiamini.

Sisi wa Bukavu hatuna haja ya kwenda mbali kuona kwamba mti unaweza kutoa dawa kamili. Kwinini inatoka kwenye gome la mkwinini, mti uliopandwa sana katika milima ya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina cha hapa mjini kimejulikana miaka mingi kwa kazi hiyo. Aspirini nayo ina asili ya namna hiyo. Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akieleza jinsi unga wa gome la mwerebi ulivyowatuliza watu wenye homa. Wanakemia wakaja kutenga kiini chake, na mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer akatengeneza asidi asetilisalisiliki, ambayo tunaijua kwa jina la aspirini. Namna inavyofanya kazi haikufahamika mpaka mwaka 1971, John Vane alipoonyesha kwamba inauzuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani zile kemikali zinazoleta uvimbe, joto na maumivu mahali palipoumia. Diclo na ibuprofeni zinapita njia hiyohiyo. Tangawizi na manjano pia zinaigusa njia hiyo, kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo anayekunywa diclo na tangawizi nyingi kwa pamoja anaongeza dozi juu ya dozi, na tumbo lake ndilo litakalolipa.

Kabla ya kuwasha mbabula (jiko la makaa)

Kuna maumivu ambayo hayatibiwi jikoni. Mwili mzima ukiuma pamoja na homa, nenda ukapime malaria siku hiyohiyo. Chai yoyote utakayokunywa itakuchelewesha. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na huwezi hata kukigusa, nenda. Mgongo unaouma huku miguu ikifa ganzi, au mkojo ukitoka bila wewe kujua, nenda usiku huohuo. Mjamzito anayeumwa tumbo, nenda. Mtoto mwenye SS (ugonjwa wa selimundu) akianza kulia mifupa, mpe maji ya kunywa kwa wingi njiani, lakini mpeleke. Ile si kazi ya majani wala mizizi. Na aliyeanguka akashindwa kukanyaga, apigwe picha kwanza, mambo ya kukandwa yatafuata.

Maumivu ninayoyazungumzia hapa ni yale unayoyafahamu: goti linalolalamika ukishuka ngazi, bega la kubeba, tumbo la hedhi linalorudi kila mwezi kwa namna ileile, jino linalosumbua usiku ukisubiri kesho umwone munganga wa meno.

Tangawizi

Hii ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine zote, na kwanza kabisa kwa maumivu ya hedhi. Mwaka 2009 watafiti wa Iran walichapisha jaribio lao kwa wanafunzi wa kike 150. Kundi moja lilipewa unga wa tangawizi, miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku tatu tangu hedhi inaanza. Kundi la pili lilipewa asidi mefenamiki, dawa ya maumivu, la tatu ibuprofeni. Nafuu ilikuwa sawa katika makundi yote matatu. Gramu moja kwa siku! Wasichana wetu wanaokosa shule kila mwezi kwa ajili ya tumbo wanahitaji kuambiwa jambo hili, na mama zao pia.

Kwa magoti, usitegemee makubwa kiasi hicho. Mwaka 2001 huko Marekani watu 247 wenye magoti yaliyolika walipewa dondoo (kiini kilichokamuliwa) ya tangawizi iliyochanganywa na mmea wa jamii yake, au kidonge kisicho na kitu. Waliopata nafuu ya maana walikuwa 63 kwa mia kati ya waliopata dondoo, na 50 kwa mia kati ya waliopata kidonge kitupu. Nafuu ipo, lakini ni ndogo. Mama wa mizigo namwambia wazi: tangawizi itakupunguzia, haitakurudishia goti la usichana, na gunia likibaki uzito uleule hakuna mzizi utakaolishinda.

Namna ya kutengeneza. Watu wengi huchemsha vipande, wakanywa maji, wakatupa makapi. Viini vya tangawizi, jinjeroli, havipendi sana maji, kwa hiyo sehemu nzuri inabaki kwenye makapi yanayokwenda kwa kuku. Mimi naona unga ni bora. Chagua tangawizi ngumu, nzito, isiyo na ukungu kwenye maungio. Ioshe kwa brashi, usiimenye. Ikate vipande vyembamba kama sarafu, vitandaze kwenye sinia bila kulaliana, uvianike. Katika miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, jua linatosha. Mvua zikirudi, weka sinia juu kidogo karibu na mbabula jioni, mbali na moshi, urudie mpaka kipande kivunjike kwa mlio ukikikunja. Kikipinda bila kuvunjika, bado kina maji, na ukikisaga hivyo unga utaota ukungu ndani ya kopo. Saga, chekecha, funga. Tangawizi mbichi ina maji mengi: kilo tano zitakuachia kilo moja hivi ya kavu. Usishangae, wala usidhani umeibiwa. Kukausha kunageuza sehemu ya jinjeroli kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, ndiyo maana unga unachoma koo kuliko mbichi.

Kipimo kwa mtu mzima: nusu kijiko cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, asubuhi, na nusu nyingine jioni. Hiyo ni kama gramu mbili kwa siku. Usipite hapo. Ukoroge ndani ya uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) au wa mahindi, au kwenye chai, baada ya kula kitu. Anayetaka mbichi achukue kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kama gramu kumi, akikwangue kwa grateri, akichemshe na gilasi mbili za maji, sufuria ikiwa imefunikwa, dakika kumi au kumi na tano. Hiyo ni ya siku nzima: aigawe mara mbili, anywe asubuhi na jioni pamoja na makapi yake. Kwa hedhi, anza siku unayohisi kwamba inakuja, usisubiri mpaka umejikunja kitandani; endelea siku tatu au nne, halafu acha. Kwa magoti, jaribu wiki tatu au nne mfululizo. Usipoona tofauti yoyote, hela yako itafaa zaidi kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

Wasiofaa kunywa kipimo hiki: mwenye vidonda vya tumbo ambavyo vinamsumbua, anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, anayesubiri upasuaji, na mjamzito aliyekaribia kujifungua. Ile inayotiwa kwenye mchuzi haina neno.

Pilipili, ya kupaka

Hapa ndipo nataka tukae zaidi, maana ni dawa nzuri ambayo watu wanaiogopa, na wale wasioiogopa wanaitumia vibaya.

Kinachowasha ndani ya pilipili kinaitwa kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California walitambua mahali kinapoingilia: ni protini iliyo kwenye ncha za mishipa ya fahamu, ileile inayotuonya joto likifika nyuzi 43 hivi. Ni mlango mmoja wenye funguo mbili, joto na pilipili, na ubongo haujui ni ufunguo upi uliofungua. Kwa kazi hiyo Julius alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021. Linalotufaa sisi ni hili: ncha hizo zikichokozwa kila siku, mahali palepale, mwishowe hunyamaza, na maumivu ya goti hayapiti tena kama zamani. Ndiyo sababu kupaka mara moja hakufai kitu. Mtu anapaka leo, anaungua, anatupa chupa, anasema pilipili ni uongo. Siku za kwanza ndizo za kuungua. Nafuu huja baada ya wiki moja au mbili za kupaka mara tatu kwa siku bila kuruka.

Krimu za farmasi zina kapsaisini 0.025 mpaka 0.075 kwa mia. Ukiipata kwa bei unayoiweza, nunua hiyo, nguvu yake inajulikana. Usipoipata, tengeneza hivi.

Chukua pilipili kali zilizokauka kabisa. Mbichi zina maji, na maji ndani ya mafuta yanaozesha. Zisage nje ya nyumba, upepo ukiwa nyuma yako, kitambaa puani, watoto wakiwa mbali. Pima kijiko kimoja cha mezani cha unga, ukitie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, umimine nusu gilasi ya mafuta ya alizeti. Mawese yatafanya kazi lakini yataharibu kila nguo uliyo nayo. Simamisha chupa, bila kifuniko, ndani ya sufuria yenye maji, kitambaa kikiwa chini yake isipasuke, moto mdogo sana wa makala, kwa saa moja. Maji yasitokote kwa nguvu, na tone la maji lisiruke ndani ya mafuta. Mafuta yakianza kutoa moshi umeshayaunguza. Epua, acha yapoe usiku mzima, chuja kwa kitambaa safi mara mbili mpaka usione hata chembe moja. Chembe ikibaki itakaa kwenye ngozi na kuchoma sehemu moja. Ukitaka mafuta mazito yasiyochuruzika, yapashe tena na kipande cha nta ya nyuki, sehemu moja ya nta kwa tano za mafuta.

Andika juu ya chupa: SI YA KULA, SI YA WATOTO. Rangi yake inavutia, na nyumba nyingi zina chupa moja tu ya mafuta mezani.

Jaribu kwanza tone moja ndani ya mkono, karibu na kiwiko, usubiri mpaka kesho yake. Ikiwa ngozi imewasha na kuwa nyekundu kidogo, sawa. Ikitoa malengelenge, yaongezee mafuta matupu mara mbili yake, au uache. Kisha paka tabaka jembamba kuzunguka goti, usifunge kwa kitambaa kigumu, usipashe joto, usioge maji ya moto saa moja kabla wala baada. Usipake penye jeraha, chale mbichi au upele. Ukimaliza, sugua mikono kwa mafuta matupu kwanza, halafu sabuni, halafu rudia sabuni. Maji peke yake hayaiondoi, kwa kuwa kapsaisini inayeyuka kwenye mafuta. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi, muda mrefu.

Na sasa neno kwa wamama wanaobeba watoto mgongoni. Mwanamke mmoja alinijia na mtoto anayelia bila kunyamaza, macho yamevimba. Mama alikuwa amejipaka bega, akafunga mtoto kwa kikwembe, mtoto akalaza uso palepale, kisha akajifuta macho kwa mkono. Tangu siku hiyo, kila ninayemfundisha mafuta haya namuuliza kwanza: una mtoto wa kubeba au wa kunyonya? Kama yupo, pilipili ni ya magoti tu. Bega, shingo, mgongo na kifua ni mahali pa mtoto.

Karafuu kwa jino

Kwa haraka, maana hii ni ya kukufikisha asubuhi tu. Karafuu ina eujenoli, inayotia ganzi na kupunguza uvimbe. Waganga wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki wakatengeneza saruji ya kuziba jino kwa muda. Suuza mdomo kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chumvi. Chukua punje moja nzima, iweke kando ya jino linalouma, iache ilainike kwa mate, kisha iume polepole mpaka ganzi ije. Baada ya nusu saa iteme. Mafuta ya karafuu ya chupa ni jambo lingine kabisa: yana eujenoli nyingi sana, yakiguswa matupu yanachoma fizi, na mtoto mdogo akiyameza yanaweza kumharibu ini. Kwa watoto wadogo usiyatumie. Shavu likivimba, au mdomo ukakataa kufunguka, usaha umeingia, na karafuu haitoi usaha.

Manjano na gome

Manjano inasifiwa kupita kipimo. Kiini chake, kurkumini, ni kama asilimia tatu tu ya unga, kwa hiyo kijiko kizima cha chai hakifiki hata miligramu mia moja na ushei, wakati majaribio ya magoti hutumia dondoo ya miligramu mia tano na zaidi kwa siku. Halafu utumbo unaipokea kwa shida. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini ya pilipili manga inaongeza kiasi kinachoingia kwenye damu mara ishirini, na hapo ndipo wengi wakaanza kuchanganya. Sawa, itie kwenye maharage na mafuta na pilipili manga, ni chakula kizuri. Lakini pilipili manga hiyohiyo inaweza kuongeza dawa nyingine ndani ya damu pia, kwa hiyo aliye na dawa za kila siku asiifanye mazoea ya vijiko. Na mwenye mawe kwenye nyongo aiache manjano.

Gome la mkwinini usichemshe nyumbani. Kwa sababu tu tunaujua mti, wengine hudhani wanaujua na kipimo chake. Kiasi cha kwinini hubadilika kutoka mti hadi mti, na ikizidi, masikio hulia, macho hufifia, sukari ya damu hushuka, moyo huenda ovyo. Waliosomea kazi hiyo kiwandani wanakipima kwa mashine.

Unga wa ajabu wa sokoni

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi lile linaloniumiza zaidi. Kuna unga na vidonge vya kufinyangwa vinauzwa kwa jina la mizizi, bila jina la mmea wala la aliyetengeneza. Mzee anakunywa jioni, asubuhi anaruka kama kijana. Hakuna mzizi unaofanya hivyo. Ulimwenguni kote dawa za namna hiyo zikipimwa, mara nyingi hukutwa zimesagiwa deksamethasoni au prednisoloni, ambazo ni steroidi, au diclo. Baada ya miezi utaona mashavu yamejaa kama mwezi, tumbo limekua, mikono imekonda, sukari na presha zimepanda. Ukiona hivyo kwa mzazi wako, usimnyang'anye unga ghafla: mwili uliozoea steroidi nyingi umeacha kutengeneza yake, na kukatiwa siku moja kunaweza kumwangusha, shinikizo la damu likashuka mpaka apoteze fahamu. Mlete kituoni akiwa bado anaitumia, tumshushe kidogo kidogo.

Mkija, leteni na kile kikaratasi chenye unga uliobaki, na vidonge vya rejareja hata kama havina jina, na kile kijiko mnachopimia. Na mnieleze kila kilichonywewa tangu jana, tangawizi ikiwemo.